Boga la Halloween: Tunayodhani na Yalivyo

Asubuhi ya tarehe 1 Novemba, baada ya Halloween, usiku wa mavazi ya kutisha na watoto kuomba pipi nyumba kwa nyumba, vibaraza vya Marekani huwa vimejaa maboga yenye macho na meno ya kuchongwa na mshumaa ndani, yameshaanza kunywea. Hapo ndipo maneno ya "wanasema" huanza.

"Boga huoza lenyewe, hata jalalani halina madhara."
Linaozea wapi, ndilo swali. Jalalani hufukiwa na taka nyingine, hewa haifiki, na bakteria wanaolila hutoa methani. Kwa kipindi cha miaka 100, gesi hiyo hunasa joto zaidi ya mara 25 kuliko kaboni dioksidi ya uzito uleule. Kwenye mboji inayopata hewa, boga hilohilo huwa mbolea. Toa mshumaa kwanza.

"Basi litupe msituni, liliwe na wanyama."
Uingereza wahifadhi wameshachoka kukataza. Kalunguyeye akila boga kwa wingi huharisha, tena katika majira anayotakiwa kunenepa kabla ya usingizi wa baridi.

"Ya kuchonga hayaliwi."
Hili ndilo huniudhi. Yanaliwa! Ila yamezalishwa kwa umbo, si kwa ladha: nyuzinyuzi nyingi, maji mengi, utamu haba. Ukilipika kama boga la futari ya nyumbani utapata uji. Lichemshe, liache kwenye chujio mpaka maji yaishe, ndipo utie tui zito, iliki na sukari. Mbegu zioshe, zikaushe, uzikaange na chumvi mpaka zianze kurukaruka kikaangoni. Nyama itoe siku ileile ya kuchonga. Boga lililokaa nje siku tatu na mshumaa tumboni si chakula tena.

"Karatasi ya pipi ni karatasi."
Kiswahili chetu chenyewe kinatuponza hapa. Ifinyange kiganjani, kisha fungua mkono: ikijikunjua, hiyo ni plastiki, mara nyingi yenye utando wa alumini, na mapipa ya kurejeleza ya mtaani kwa kawaida hayaipokei. Zabibu kavu za kwenye kiboksi cha kadibodi hazina shida hiyo, ingawa watoto watanuna.

"Nunua vazi lililoandikwa 'rafiki wa mazingira'."
Jipya ni jipya tu. Mavazi mengi ya siku hiyo ni poliesta, yaani plastiki ya mafuta ya petroli, na huvaliwa usiku mmoja. Azima kwa jirani, au toboa shuka kuukuu matundu mawili, mzimu tayari. Na ule utando wa buibui wa dukani utundike ndani ya nyumba; ukiwa kwenye miti hunasa ndege na popo.