Je, wajua hospitali hubadilishaje mabomba na nyaya zake wagonjwa wakiwa vitandani?

Nyumba ya kawaida ikibadilishwa mabomba, wenyewe huteka maji kwa ndoo mpaka fundi amalize. Hospitali haina nafasi hiyo, kwa kuwa mgonjwa anayepumua kwa mashine hawezi kungoja oksijeni irudi, wala uchungu wa mzazi haufuati ratiba ya mafundi. Hata hivyo nyaya huzeeka, boila huchakaa na mabomba hula kutu, na vyote hivyo sharti vibadilishwe huku kazi ya tiba ikiendelea.

Hilo huwezekana kwa sababu cha zamani hakizimwi mpaka kipya kiwe kimeshajaribiwa. Mafundi hujenga njia ya pili kandokando ya ile ya kwanza, kisha huhamishia matumizi kwenye njia mpya, wodi moja baada ya nyingine. Viwango vya Marekani hutaka jenereta ya dharura ianze kutoa umeme wa huduma za kuokoa maisha ndani ya sekunde 10; kwa hiyo jenereta yenyewe inapobadilishwa, nyingine ya muda hutangulia kuunganishwa.

Kwenye maji kuna ufundi wa kupendeza. Tuseme valvu ya bomba kuu imeharibika, na kumwaga maji ya jengo zima hakukubaliki. Maji yakishatulizwa yasitembee, fundi hulivika bomba koti na kupitisha ndani ya koti hilo naitrojeni ya kimiminika, ambayo huchemka kwenye nyuzi 196 chini ya sifuri. Maji ya ndani huganda na kuwa kizibo cha barafu, valvu mbovu hukatwa, mpya hufungwa, kisha barafu huachwa iyeyuke.

Oksijeni haivumilii kosa hata moja. Mwaka 2016, mjini Sydney, Australia, mtoto mchanga alifariki baada ya kupewa gesi ya nitrasi oksidi, inayotumika kutuliza maumivu, kutoka kwenye tundu la ukutani lililoandikwa oksijeni, kwa kuwa mabomba yalikuwa yameunganishwa kimakosa. Ndiyo maana haitoshi kuona kwamba gesi inatoka: kila tundu hupimwa kwa kifaa kinachotambua ni gesi gani, kabla mgonjwa yeyote hajaunganishwa nalo.

Lakini kwa maoni yangu hatari inayodharauliwa kuliko zote ni vumbi. Fundi akiinua kipande kimoja tu cha dari ili auone waya, huangusha vumbi la miaka mingi, na ndani yake huweza kuwamo vijimbegu vya kuvu aina ya Aspergillus, vyenye upana wa takriban mikroni 3 (mikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita). Mtu mwenye afya huvivuta kila siku bila kudhurika. Mgonjwa wa saratani ya damu, ambaye kinga yake imeshushwa na dawa, huweza kushikwa na maambukizi ya mapafu yanayoua. Kwa hiyo eneo la kazi huzungushiwa ukuta wa muda usiopitisha hewa, na feni zenye vichujio vinavyonasa asilimia 99.97 ya chembe za mikroni 0.3 huivuta hewa ya ndani, ili shinikizo la huko liwe dogo kuliko la ukumbini. Mlango ukifunguliwa, hewa huingia kwenye vumbi. Vumbi halitoki kuwafuata wagonjwa. Kipimo cha shinikizo hutundikwa mlangoni, nacho hukaguliwa kila siku.

Kazi ikikwisha, hubaki jambo ambalo fundi mwenye haraka hulisahau, nalo ni kipande cha bomba la zamani kilichozibwa mwisho na kuachwa ukutani. Maji yaliyotuama humo, yakiwa vuguvugu kati ya nyuzi 20 na 45, ni makazi mazuri ya bakteria wa Legionella, ambao walitambuliwa baada ya mlipuko wa homa ya mapafu mjini Philadelphia mwaka 1976. Kipande hicho hukatwa pale pale kinapoungana na bomba linalotumika, kisha mabomba husafishwa kwa maji yanayotiririka, na maji hupimwa kabla wodi haijafunguliwa tena.