Rimoti ya mzee: tatizo si ukubwa wa vitufe peke yake

Mtu akitaka nimbunie rimoti ya wazee, kwanza hutaja vitufe vikubwa. Vinasaidia, sikatai. Ila nikikaa na wazee wanapotazama televisheni, kinachowakwamisha zaidi ni kupotea. Kidole kimegusa kitufe cha kubadili chanzo cha picha, skrini imekuwa nyeusi, na njia ya kurudi haijulikani. Anazima, anawasha, bado ni giza. Baada ya hapo hagusi kitu isipokuwa sauti, mpaka mjukuu aje.

Ndiyo maana mimi huanza na kitufe cha kurudi. Popote mtu alipopotelea ndani ya menyu, akikibonyeza mara moja arudi kwenye chaneli aliyokuwa akiitazama. Narudia: kwenye chaneli, si kwenye ukurasa wa mwanzo uliojaa picha za programu. Kitufe cha chanzo nakificha chini ya kifuniko, kwa sababu hakihitajiki kila siku.

Jambo la pili ni macho. Kuanzia miaka ya arobaini hivi, uwezo wa kuona vitu vya karibu hupungua. Televisheni iko mbali, rimoti iko mkononi, na miwani ya kusomea haifai kwa yote mawili. Kumwambia mzee abadilishe miwani kila anapotaka kuongeza sauti ni kumchosha bure. Kitufe kitambulike kwa kupapasa: cha sauti kiwe na umbo lake, cha chaneli lake, na namba 5 iwe na kinundu. Rimoti ya kugusa kioo kitupu siikubali kabisa kwa kazi hii. Maandishi nayo yasiwe ya bluu juu ya nyeusi, maana lenzi ya jicho huelekea umanjano kadiri umri unavyosonga, na bluu hufifia.

Halafu kuna kuchelewa. Televisheni nyingi za sasa huchukua sekunde kadhaa kuwaka. Mzee anabonyeza, haoni kitu, anabonyeza tena, na mbonyezo huo wa pili ndio unaoizima. Taa iwake papo hapo, na mibonyezo inayofuata ipuuzwe hadi picha itokee. Mkono unaotetemeka nao utapata nafuu hapo hapo.

Space Command, rimoti ya kampuni ya Zenith ya mwaka 1956, haikuwa na betri: kitufe kilisukuma nyundo ndogo iliyogonga fimbo ya alumini, na mgongano huo ulisikika mkononi. Mtumiaji alijua amebonyeza. Natamani uhakika huo urudi.

Ninapoijaribu rimoti simwombi mzee atafute chaneli fulani. Naipeleka televisheni kwenye skrini nyeusi kwa makusudi, nampa rimoti bila maelezo yoyote, kisha nanyamaza. Akishindwa kurudi, naichora upya.