Upasuaji wa Matundu Madogo kwa Watoto Wenye Jinsia Tata: Dhana Potofu na Ukweli

Wapo wazazi wanaoamini kwamba, kwa mtoto mwenye jinsia tata, yaani ambaye viungo vyake vya uzazi, tezi au kromosomu haviendani kama kawaida na jinsia moja, upasuaji wa matundu madogo ndio unaoamua iwapo ni wa kike au wa kiume. Ukweli ni kwamba upasuaji huo hasa ni wa kuchunguza: daktari hujaza tumbo hewa ya kaboni dioksidi, hupitisha kamera nyembamba kitovuni, kisha hutazama kama tezi za uzazi ni korodani, ovari, mchanganyiko wa hizo mbili, au utepe wa nyama usiofanya kazi, jambo ambalo picha ya utrasaundi mara nyingi hushindwa kulionyesha. Huenda akakata kinyama cha kupimwa maabara, au akaondoa tezi yenye hatari.

Dhana inayonisikitisha zaidi ni kwamba tezi zisizoendana na umbo la nje la mtoto lazima zitolewe upesi zisije zikaleta saratani. Hatari hiyo ipo, ila hutofautiana sana. Msichana mwenye kromosomu XY, ambazo kwa kawaida ni za kiume, ambaye tezi zake hazikukua, yaani mwenye sindromu ya Swyer, hushauriwa zitolewe mara hali yake inapogundulika. Lakini yule ambaye mwili wake hauitikii kabisa homoni za kiume, na ambaye pengine hugundulika anapotibiwa ngiri, ana korodani zenye hatari ndogo sana kabla ya balehe. Tena homoni inayotoka humo hugeuzwa na mwili kuwa estrojeni, homoni ya kike, naye huota matiti bila dawa. Zikiondolewa utotoni, atahitaji homoni za dukani ili abalehe na ili mifupa yake isidhoofike, na atakuwa amenyimwa nafasi ya kushiriki katika uamuzi unaomhusu yeye.

Si kila mtoto mwenye jinsia tata anahitaji kuguswa tezi. Wasichana wengi wenye kromosomu XX, yaani za kike, wanaozaliwa na jinsia tata wana hitilafu ya tezi za juu ya figo, na ovari zao ni za kawaida. Dharura yao ni upungufu wa kotisoli, homoni inayousaidia mwili kuhimili maradhi, na wa chumvi katika wiki za kwanza: kichanga anayetapika na kulegea apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Udogo wa kidonda nao usimpumbaze mtu, kwa kuwa mtoto hupewa nusu kaputi na tezi ikishatolewa hairudi. Kabla ya kutia saini, mzazi aulize matokeo ya kromosomu na homoni, aulize ni nini hasa kitakachoondolewa na kwa nini kisisubiri, kisha ahifadhi nakala ya majibu ya maabara kwa ajili ya mtoto mwenyewe.