Jeni si jini: samaki pundamilia na maneno ya mtaani kuhusu usonji

Dada yangu anaishi Nkuhungu, hapa Dodoma, na mwanawe wa pili, mwenye miaka sita, ana usonji (autism). Nilifanya kosa la kumsimulia mbele ya majirani kwamba kuna watafiti wanaozichunguza jeni zinazohusishwa na usonji kwa kutumia samaki mdogo aitwaye samaki pundamilia (zebrafish). Kufika Jumamosi habari ilikuwa imezunguka mtaa mzima na kunirudia ikiwa imevaa nguo nyingine. Mimi ni mwalimu wa baiolojia. Kwa mdomo nimeshachoka kujibu, acha nijibu kwa maandishi.

"Kuna samaki anatibu usonji"

Hii ilinifikia kwanza, kupitia mama mmoja anayeuza samaki soko la Majengo. Aliniuliza kama samaki hao wanapatikana bwawa la Mtera, ili azungumze na wanaomletea mzigo.

Hapana, mama. Samaki pundamilia hatibu kitu. Ana urefu wa sentimita tatu au nne, ana michirizi ya buluu ubavuni, kwao ni India, Bangladesh na Nepal, na huku kwetu anayemjua atakuwa amemwona kwenye tangi la kioo la samaki wa mapambo. Hata ukimkaanga, ugali utaumaliza kwa chumvi.

Kilichompeleka maabara ni mayai yake. Perege jike huatamia mayai mdomoni, ukitaka kuyaona inabidi umfumbue kinywa. Huyu hutaga mamia kwa mkupuo, anayaachia majini, na kila yai ni angavu kama kioo. Weka moja chini ya hadubini: ndani ya siku moja hivi moyo umeanza kudunda, siku ya tatu kifaranga ameshatoka, siku ya tano anaogelea na kuwinda chakula chake. Ubongo wake wakati huo una seli za neva kama 100,000, na unazitazama kupitia ngozi, bila kisu. Wa kwetu una takriban bilioni 86, zote zimefungiwa ndani ya fuvu. George Streisinger wa Chuo Kikuu cha Oregon, Marekani, ndiye aliyewaonyesha wenzake njia ya kumtumia samaki huyu kuchunguza jeni, katika makala yake ya mwaka 1981.

"Tulisema ana majini, nyie mnasema jeni"

Aliyeliingiza neno "jeni" katika Kiswahili hakuangalia jirani yake kwenye kamusi. Nilipolitamka, bibi mmoja pale barazani alitikisa kichwa kwa kuridhika: "Si ndivyo tulivyosema tangu mwanzo? Jini." Watu wakamwunga mkono, mimi nikabaki na chaki yangu.

Jeni ni kipande cha maelekezo kilichoandikwa kwa DNA ndani ya seli, kinachoiambia seli itengeneze protini gani na wakati gani. Jeni haipungwi wala haifukizwi ubani. Na kwa kuwa hapa Dodoma ukitaja ubongo tu mtu anakutajia Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili, niongeze: usonji si wazimu.

Wala hakuna jeni moja ya usonji. Zinazohusishwa nao ni mamia: CHD8, SHANK3, SYNGAP1, CNTNAP2 na nyinginezo. Baadhi hushughulikia maungio ambapo seli moja ya neva huipasha habari nyingine. Nyingine huwasha na kuzima jeni wenzao wakati ubongo unajengwa tumboni. Watoto wawili wa mtaa mmoja, wote wana usonji, wanaweza wasifanane hata jeni moja iliyobadilika.

Hapo ndipo lawama inapotafuta pa kukaa. "Kama ni jeni, basi ni ukoo wa mama." Dada ameshayasikia hayo kutoka kwa mawifi. Mtoto huchukua nusu ya jeni zake kwa baba. Tena mabadiliko mengi ya CHD8 na SYNGAP1 yanayokutwa kwa watoto wenye usonji ni mapya kabisa: baba hanayo, mama hanayo, yametokea kwenye yai au mbegu ya uzazi. Mawifi wapumzike.

"Chanjo je?"

Makala ya mwaka 1998 iliyozua hofu kwamba chanjo huleta usonji ilifutwa mwaka 2010 na jarida lenyewe lililoichapisha, The Lancet. Tuendelee.

"Samaki na mtu wapi na wapi?"

Hili ni swali la maana, na wanafunzi wangu huliuliza pia. Ramani kamili ya jeni za samaki huyu ilipochapishwa mwaka 2013, ilionekana kwamba takriban asilimia 70 ya jeni za binadamu zina wenzao kwa samaki huyu. Hiyo haimfanyi samaki kuwa mtu kwa asilimia 70. Bodaboda na bajaji ni vyombo tofauti, lakini plagi ikifa kwenye chochote kati ya hivyo, injini haiwaki, na fundi anaweza kujifunzia plagi kwenye kile kilicho rahisi kufungua.

Kuna matata yake. Zaidi ya miaka milioni 300 iliyopita, mababu wa samaki hawa walijikuta na nakala mbili za jeni zao zote, na baadhi ya nakala hizo zipo hadi leo. SHANK3 kwetu ni moja, kwao ziko mbili. Ukiharibu moja, ya pili inaweza kuziba pengo, nawe ukadhani jeni haina kazi. Pia samaki hana lile gamba la nje la ubongo tunalolitegemea sana sisi. Anayekuahidi kwamba samaki ataeleza usonji wote, mwogope.

"Wanawaambukiza samaki usonji"

Usonji hutambuliwa kwa kumtazama mtu: anavyowasiliana, anavyocheza, anavyopokea sauti na mguso, anavyoshikilia mazoea yake. Samaki huwezi kumwita jina ukaangalia kama atageuka. Kwa hiyo hakuna mtafiti makini anayesema amepata samaki mwenye usonji. Swali lao ni jembamba zaidi: jeni hii ikikatika, nini kinabadilika?

Wanaikata kwa CRISPR, ambayo ni kama mkasi wa kukatia DNA mahali ulipochagua. Kisha vifaranga hupangwa kwenye sahani ya plastiki yenye vishimo 96, kila kishimo kifaranga mmoja na maji kidogo, kamera juu. Taa inazimwa ghafla: nani anashtuka? Kishindo kinapigwa, kinarudiwa, kinarudiwa tena: nani anazoea, na nani anaruka kila mara kama ndicho cha kwanza? Usiku unaingia: nani analala? Vifaranga wengine huzaliwa na protini inayong'aa kila seli ya neva inapofanya kazi, hivyo mtafiti huuona ubongo ukimetameta.

Mfano ulionigusa ni wa CHD8, mwaka 2014. Watoto wengi wenye mabadiliko kwenye jeni hiyo walikuwa na kichwa kikubwa, na wengi walisumbuliwa na choo kigumu. Kwa vifaranga, jeni hiyo ilipopunguzwa nguvu, kichwa kilipanuka na utumbo ukawa mzito kusukuma chakula. Kina mama wangapi wamelalamikia tumbo la mtoto wakaambiwa halihusiani?

"Basi dawa imepatikana"

Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale waliharibu nakala zote mbili za jeni ya CNTNAP2 kwa samaki. Kwa binadamu, kuikosa kabisa jeni hiyo huleta kifafa, na mara nyingi dalili za usonji. Vifaranga wale walikuwa na upungufu wa seli za kutuliza katika ubongo wa mbele, na usiku, wenzao wakilala, wao waliogelea. Kemikali moja ya mimea, inayofanya kazi kama homoni ya estrojeni, iliwatuliza.

Iliwatuliza vifaranga wenye siku chache, ndani ya vishimo, kwa jeni moja. Kumpa mtoto homoni kwa sababu samaki alilala ni hatari, na anayekuuzia kitu cha namna hiyo anakutapeli.

Mpwa wangu hajapimwa jeni, kwa hiyo sisemi kwamba jeni hiyo ndiyo iliyoharibika kwake. Lakini huamka saa nane za usiku, akasimama kwenye swichi, akawasha taa na kuzima, akawasha na kuzima. Nilipomweleza dada juu ya vifaranga wasiolala, alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Na mama yao je, analala?"

Nikamwambia mama yao akishataga anaondoka zake, tena akiyakuta mayai njiani anayala. Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya khanga. Ndani tukasikia swichi: ta, ta. Akanyanyuka.