Bei ya bima ya afya haiishii kwenye mchango wa mwezi

Anayeuliza bima ipi ya afya ni nafuu kwa kawaida anaulizia mchango wa mwezi. Jibu lake hupatikana haraka, na hapo ndipo wengi wanapoumia, kwa sababu mchango, ambao hati nyingine huuita ada ya bima au premiamu, ni namba moja tu kati ya nne.

Namba ya pili ni kiasi unachobeba mwenyewe kabla bima haijalipa chochote. Hapa nitakiita kizingiti. Ya tatu ni uchangiaji, yaani asilimia ya bili unayoendelea kulipa hata ukishavuka kizingiti. Ya nne ni dari: ukishatoa kiasi hicho ndani ya mwaka, bima inabeba kilichobaki. Kwa kawaida kizingiti na uchangiaji vinahesabiwa ndani ya dari, lakini mchango hauhesabiwi.

Chukua kaya yenye kipato cha 1,000 kwa mwezi, sarafu yoyote ile. Mpango wa kwanza una mchango wa 40 kwa mwezi, kizingiti 1,500, uchangiaji asilimia 20 na dari 4,000. Wa pili una mchango wa 75, kizingiti 300, uchangiaji uleule na dari 2,000. Mwaka wa heri, bili zote zikiwa 200, mpango wa kwanza unakugharimu jumla ya 680 na wa pili 1,100. Bili zikifika 2,000 mambo yanageuka: 2,080 kwa wa kwanza, 1,540 kwa wa pili. Mtu akilazwa na bili ikawa 20,000, wa kwanza unakutoa 4,480 na wa pili 2,900. Mipango hii miwili inalingana bili zikiwa 825 kwa mwaka. Chini ya hapo, ule wenye mchango mdogo unashinda kweli. Juu ya hapo unashindwa, tena vibaya. Huhitaji hesabu ngumu: andika bili za kubuni za 200, 2,000 na 20,000, kisha pitisha kila mpango kwenye kila bili, kalamu mkononi.

Jumla ya mwaka nayo haitoshi. Mchango unatoka kidogokidogo, lakini kizingiti kinaweza kudaiwa chote siku moja, dirishani, mgonjwa akiwa bado kwenye machela. Kwa kaya ile ya 1,000, kizingiti cha 1,500 ni mshahara wa mwezi mmoja na nusu. Swali ninaloliona la maana kuliko yote ni hili: je, kiasi hicho unacho mahali unapoweza kukichukua ndani ya siku mbili? Kama huna, ule mpango wa bei ya chini utakuwa na kadi inayofanya kazi ukiwa mzima tu.

Hata takwimu za kimataifa zinaangalia upande huu wa dirishani. Kwa miaka mingi Shirika la Afya Duniani na Benki ya Dunia wamepima mzigo wa matibabu kwa kuangalia kaya zinazotumia zaidi ya asilimia 10, au asilimia 25, ya bajeti yao kwa malipo ya kutoka mfukoni. Michango ya bima haimo kwenye malipo hayo. Kwa hiyo kaya inaweza kubanwa na mchango mpaka ikapunguza chakula, na isionekane kwenye kipimo. Ukipanga bajeti yako, jumlisha vyote viwili.

Kizingiti kikubwa kina madhara mengine yasiyoonekana kwenye karatasi. Jaribio la taasisi ya utafiti ya RAND lililofanyika Marekani kati ya 1974 na 1982 liligawa familia kwa bahati nasibu katika mipango yenye uchangiaji tofauti, kuanzia matibabu ya bure kabisa. Waliochangia walikwenda hospitali mara chache zaidi, lakini walipunguza matibabu ya lazima sawa na yasiyo ya lazima. Maskini wenye shinikizo la damu ndio waliopata nafuu zaidi pale matibabu yalipokuwa bure. Hivyo kama nyumbani kuna mgonjwa wa kisukari au presha, usijidanganye kwamba atakwenda kliniki kila mwezi kwa pesa yake mpaka kizingiti kijae. Ataruka miezi.

Sasa neno moja linalochanganya watu: kikomo. Dari inakulinda wewe. Kikomo, yaani kiasi cha juu ambacho bima italipa, kinailinda kampuni ya bima. Mpango ukisema kikomo cha mwaka ni 10,000 na bili ikawa 20,000, nusu ni yako, hata kama ulilipa michango yote kwa wakati. Mipango mingi ya kibiashara haina dari kabisa, ina kikomo tu, na ndani yake kuna vikomo vidogo vya uzazi, meno, miwani, dawa za magonjwa sugu na kitanda cha wodini. Cha kitanda kina mtego. Kwenye baadhi ya mikataba, ukilala chumba cha 80 kwa siku wakati haki yako ni 50, hukatwi ile 30 tu. Gharama nyingine za kulazwa nazo hulipwa kwa uwiano huohuo, asilimia 62.5, na kinachobaki unakijaza wewe. Kabla hujakubali chumba, uliza kama mkataba wako unakata kwa uwiano.

Vipindi vya kusubiri, yaani muda baada ya kujiunga ambao bima bado hailipi, vipo kwa sababu inayoeleweka: kama watu wangenunua bima siku wanapougua, michango isingetosha kulipa mtu yeyote. Katika mipango ya kibiashara, siku 30 kwa magonjwa ya kawaida ni jambo la kawaida, uzazi husubiri miezi 9 mpaka 12, na ugonjwa uliokuwapo kabla ya kujiunga unaweza kusubiri mwaka mmoja au zaidi. Ajali kwa kawaida haisubiri. Ugonjwa uliokuwapo utaje kwenye fomu, hata kama wakala anakuambia uache wazi. Ukifichwa, siku ya madai makubwa kampuni itavuta mafaili ya zamani, na inaweza kufuta mkataba wote. Bima za kikundi, kupitia mwajiri, chama cha ushirika au chama cha wanataaluma, mara nyingi hazina maswali hayo ya afya. Ndiyo maana mtu mwenye ugonjwa sugu aanzie huko, au kwenye mfuko wa umma, kabla ya kwenda sokoni peke yake.

Wasio na mshahara wa kila mwezi, yaani fundi, dereva, mkulima na mchuuzi, bima yao mara nyingi hufa kwa tarehe kuliko kwa ukubwa wa mchango. Mchango unadaiwa tarehe 1, pesa inaingia tarehe 9, benki inajaribu kukata na kukuta akaunti tupu. Mikataba mingi hutoa siku za nyongeza, mara nyingi 15 au 30. Zikipita, bima imekatika, na ukirudi unahesabiwa mgeni: kusubiri kunaanza upya, na ule ugonjwa uliopata ukiwa ndani sasa unaitwa ugonjwa uliokuwapo kabla. Mwezi mmoja uliorukwa unaweza kukugharimu mwaka wa haki.

Kinachosaidia ni kuomba tarehe ya malipo ihamishwe, siku tatu hadi tano baada ya siku ambayo pesa huingia. Kama kipato ni cha msimu, lipa mwaka mzima baada ya mavuno au baada ya kazi kubwa. Kulipa kwa mwezi mara nyingi kuna nyongeza ndogo iliyofichwa, basi linganisha mchango wa mwezi mara 12 na bei ya mwaka. Asiyeweza hilo atenge asilimia ileile ya kila pesa inayoingia, hata siku ya kibarua kidogo, kwenye akaunti isiyo na kadi. Na uliza mapema bei ya kundi la umri linalofuata, maana michango hupanda kwa ngazi. Mtu akivuka ngazi hushtuka siku ya kuhuisha, wakati hana tena muda wa kutafuta kwingine.

Kuhusu madai, mengi hukataliwa kwa mambo madogo: hospitali haimo kwenye orodha ya kampuni, kibali cha kulazwa hakikuombwa, risiti haina mchanganuo, au muda wa kuwasilisha umepita. Ukikataliwa, dai sababu kwa maandishi pamoja na kifungu cha mkataba, kisha kata rufaa. Simu pekee haiachi ushahidi.

Mchango ukishindikana kabisa, usiache bima ife kimyakimya. Omba kushushwa daraja kabla ya tarehe ya kuhuisha, na upunguze kwa mpangilio. Meno na miwani viondoke kwanza, kwa sababu ni gharama unazoweza kuzipanga. Kisha matibabu ya nje kwa wanakaya wasio na ugonjwa sugu: kuyakatia bima ni kama kuipa kampuni pesa yako ikurudishie, huku ukilipia na gharama za ofisi yake. Kizingiti kipandishwe baadaye, na kisizidi akiba uliyo nayo. Kulazwa na upasuaji vibaki mpaka mwisho, na vikibaki peke yake, mchango wake mara nyingi ni sehemu ndogo ya ule wa mpango kamili.