Mgomba haufi kwa baridi kama inavyodhaniwa

Wengi wanaoishi Uingereza huamini kwamba mgomba hauwezi kuishi nje huko. Baridi ya kwanza ikipiga, majani huwa meusi, shina hulegea, na mwenye bustani huung'oa akidhani umekufa. Mara nyingi anang'oa mmea ulio hai.

Mgomba si mti. Ukate shina ulitazame: halina ubao, ni magome ya majani yaliyokumbatiana, yamejaa maji. Maji hayo yakiganda, shina huoza. Lakini shina la kweli ni tunguu lililo ardhini, ndilo linalotoa machipukizi, na udongo haupoi upesi kama hewa.

Bila shaka aina ni muhimu. Mzuzu au kisukari haviwezi baridi ile. Unaofaa ni Musa basjoo, uitwao mgomba wa Kijapani ingawa asili yake ni kusini mwa China. Tunguu lake likifunikwa kwa matandazo mazito huvumilia hata nyuzi 10 chini ya sifuri. Ukitaka shina nalo lipone, kata majani yaliyoungua, lizungushie wavu, kisha jaza nyasi kavu na ufunike juu mvua isiingie. Unyevu ndio hatari kubwa, kwani kwenye udongo unaotuamisha maji tunguu huoza hata baridi isipokuwa kali.

Ndizi za kula usizitarajie. Ni ndogo na zimejaa mbegu. Unapandwa kwa ajili ya majani yake mapana. Machipukizi huweza kuchelewa mpaka Mei au Juni, basi usichimbe mapema.