"Hana shida huyo, anataka kucheza tu": kwa wanaotembeza mbwa kwa kamba, na kwa wanaowaachia

Kila anayemtembeza mbwa wake kwa kamba ameshaisikia hiyo sentensi. Mbwa anakuja mbio, mwenyewe yuko huko nyuma kabisa na simu mkononi, anapaza sauti "usiogope, hana shida huyo, anataka kucheza tu!" Kazi yangu ni kufundisha mbwa, na ukiniuliza nini kinaniletea wateja wengi, sitakutajia mbwa wakali, nitakutajia hiyo sentensi.

Kuna siku nilikuwa na mama mmoja na mbwa wake jike wa miezi mitano, tunamfundisha kutembea bila kuvuta. Likatokea dume kubwa, limeachiwa, lina furaha kweli wala silisingizii, likaja moja kwa moja. Yule mdogo alishasema kila kitu kabla hajafikiwa: mkia umeingia katikati ya miguu, masikio yamelala nyuma, anajilamba pua, weupe wa jicho unaonekana pembeni. Akarudi nyuma, kamba ikakaza. Akajaribu kwenda pembeni, ikakaza tena. Dume likampandia mgongoni, ndipo akapiga kelele na kugeuka kuuma, meno yakakutana hewani. Yule bwana akafika anahema, akamwambia mama wa watu, "mbwa wako mkali huyo, mfundishe." Iliniuma sana, na inaniuma mpaka leo, kwa sababu yule mama aliamini.

Sasa elewa kilichotokea pale. Mbwa akiogopa, kitu cha kwanza anachotaka ni kuondoka. Ukimfunga kamba umemwondolea hiyo njia, inabaki kuganda au kupigana. Halafu mbwa wanaojua kusalimiana hawaendi uso kwa uso, wanakuja kwa kuzunguka kidogo kama upinde, wananusana ubavuni na nyuma sekunde chache, kila mmoja anaendelea na yake. Anayekuja mbio kwa mstari ulionyooka amevunja adabu yote hata kama moyoni ana mapenzi tupu. Na wewe kwa hofu unaivuta kamba, kifua cha mbwa wako kinanyanyuka, shingo inakaza, kwa anayekuja hiyo inasomeka kama ubabe, kwa hiyo hofu yako wewe nayo imeingia kwenye ugomvi. Ndio maana "wangu mpole" haijibu chochote. Sijauliza kuhusu wako, huku kwangu pengine kuna mbwa mzee mwenye maumivu ya viungo, au aliyetoka kushonwa, au mtoto ambaye akitishwa vibaya mara moja atawabwekea mbwa wote kwa miezi.

Kwa hiyo nafanyaje? Kwanza naangalia mbali, kazi kubwa inafanyika kabla hawajafika. Nikimwona mbwa ameachiwa nageuka mapema, kamba imelegea, sauti ya furaha, vipande vya nyama viko mfukoni. Huo mgeuko ufundishe nyumbani kwenye utulivu, mara nyingi, mpaka mbwa ageuke bila kufikiri, maana siku ya siku hutapata muda wa kumwelekeza. Akiwa anakuja tu, nasimama mbele ya mbwa wangu, mkono nimeunyoosha kiganja mbele, nasema kwa sauti nzito "Rudi! Kaa!" Wengi wanasita kwa sababu wanaambiwa hayo kwao. Asiposita namwagia konzi ya vipande vya nyama chini mbele ya pua yake, na wakati anaokota sisi tunaondoka kwa hatua za kawaida. Usikimbie na usipige mayowe, vyote viwili vinamwita. Mwavuli ukifunguliwa ghafla pia husimamisha wengi, ila mzoeze wako kwanza asije akashtuka yeye.

Kuhusu kumbeba mbwa mdogo watu wanabishana sana. Mimi nasema ukimnyanyua wako, yule mwingine ataruka kumfuata, kwa hiyo isiwe tabia ya kila siku, lakini ukiona mwili umekaza, macho hayabanduki, manyoya ya mgongoni yamesimama, mbebe, mpe yule mgongo, ondoka.

Na mwenyewe? Usibishane naye pale pale. "Kaka, mwite mbwa wako tafadhali, wangu anaogopa" inatosha, mwambie mapema na kwa sauti ya kusikika. Kama ni mtu mnayekutana kila siku, zungumza naye siku nyingine mbwa wakiwa hawapo. Nimeona walionuniana miaka kwa maneno ya dakika moja.

Wakishikana, mikono yako isikaribie vichwa wala kola, hapo ndipo watu wanapoumwa na mbwa wao wenyewe. Maji mengi, kelele kubwa, kitu kigumu cha kupitisha katikati. Mkiwa wawili, kila mmoja ashike miguu ya nyuma ya mbwa mmoja, mrudi kinyumenyume huku mnazunguka ili asipate nafasi ya kugeuka, lakini kama ameng'ata hajaachia usimvute, utachana nyama. Baadaye mpapase wako chini ya manyoya, tundu dogo la jino linaweza kuficha nyama iliyochanika ndani, mpeleke kwa daktari wa mifugo hata kama anatembea vizuri. Ukiumwa wewe, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, nenda hospitali siku hiyo hiyo, na uchukue namba ya mwenye mbwa na uthibitisho wa chanjo. Kichaa cha mbwa dalili zikishaanza karibu kila mara ni kifo, na sehemu kubwa kabisa ya watu wanaokipata wameambukizwa na mbwa. Mbwa aliyeuma, kama yupo na mzima, huangaliwa siku 10. Hili silizungumzi kwa upole.

Na wewe unayeachia, sikuchukii, najua raha ya kumwona mbwa anakimbia. Nunua kamba ndefu ya mita 10, ifunge kwenye mkanda wa kifuani na sio shingoni, umfundishe kuja akiitwa, kwanza pasipo na kitu, halafu harufu zikiwepo, halafu watu, mbwa wengine mwisho kabisa. Akija, hata akichelewa, mpe kitu kizuri, maana ukimchapa aliyerudi umemfundisha asirudi. Halafu mpime: akiwa anamwangalia mbwa mwingine, mwite mara moja tu. Akigeuka, vizuri. Ukilazimika kuita mara tatu, kamba ibaki.